Nondo wa Shamba la Mama

Mwezi wa kwanza wa kazi yangu ya ualimu, msichana mmoja wa darasa la tano aliniletea mezani kitu alichokifunga ndani ya jani la kiazi kitamu. Alilifungua jani polepole, kama mtu anayefungua chakula cha mgonjwa. Ndani mlikuwa na kidude cha kahawia, kirefu kama kidole changu, kinang'aa kama kilichopakwa mafuta, na mbele yake kulijikunja kijimkono mithili ya mkono wa birika. "Mwalimu, kiulize kitu," alisema, na darasa zima likasubiri. Mimi nimesoma elimu ya wanyama. Nililijua jina la Kilatini la kidude kile, nilijua kitageuka nini, na ningeweza kuchora sehemu zake ubaoni bila kufungua kitabu. Badala yake nilimwambia akirudishe alikokitoa. Alikifunga tena kwenye jani lake akatoka nje, lakini harufu ilibaki: udongo mbichi na utomvu wa marando ya viazi. Niliendelea na somo la hesabu, nikakosea jumla rahisi mbele ya watoto arobaini, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama yule msichana alidhani nimemkasirikia.

Ninyi mliozaliwa miaka ileile niliyozaliwa mimi, mkakulia kwenye miteremko ya Kisii au Nyamira, mnakijua kidude hicho. Sisi watoto wa upande wa Sironga tulikiita mwonyesha-njia. Hupatikana ardhini wakati wa kuchimba viazi. Unamshika kichwa kwa vidole viwili, unamwacha mkia ukiwa huru, kisha unamwuliza: fulani yuko wapi? Mkia unazunguka, unazunguka, halafu unasimama ukielekea upande mmoja, na huko ndiko aliko unayemtafuta. Watoto wengi waliwauliza kwa mchezo habari za mbuzi na za nyumbani kwa wachumba wao wa uongo. Mimi niliwauliza kwa dhati, kwa sababu mama yangu alikuwa ameondoka, na hakuna mtu mzima aliyekuwa tayari kuniambia kama atarudi.

Aliondoka asubuhi, baada ya kukamua. Alikuwa amefunga nguo zake ndani ya shuka na kuliweka furushi kichwani kama anayekwenda sokoni, isipokuwa hakuchukua kikapu. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni na mdogo wangu Moraa, ambaye alikuwa ameng'oka meno ya mbele na mapya bado hayajaota. Mama alitupita, akarudi hatua chache, akatazama shamba lake la viazi badala ya kututazama sisi. "Mbuzi wasiingie kwenye viazi," alisema. Kisha akashika njia inayoteremka mtoni na kupanda mlima wa ng'ambo, njia ya Keumbu, kwa wazazi wake. Nilidhani anakwenda kuwasalimu. Kwa siku nyingi kabla ya hapo nilikuwa nimemsikia akibishana na baba, na maneno niliyoyashika yalikuwa machache: mke mwingine, ng'ombe, wazee. Sikuyaunganisha. Nilidhani kuna ng'ombe mgonjwa.

Unaweza kuuliza kwa nini sikumwuliza baba. Mtu wa kwetu hatauliza. Kati ya mzazi na mtoto kuna heshima tunayoiita chinsoni, na mtoto hamwulizi baba yake mambo yaliyo kati yake na mama, kama asivyoingia mahali anapolala. Sijui hata kama ningepigwa. Nadhani nisingepigwa. Ni kwamba swali lenyewe halikuweza kufika mdomoni. Nilimletea baba maji ya kunawa, nikasimama karibu naye akinawa, nikaipokea kata, nikaondoka. Alikuwa mtu mrefu aliyezungumza kidogo, na baada ya mama kuondoka alizungumza kidogo zaidi, na mimi nilihesabu kila ukimya wake kuwa jibu, ila sikujua ni jibu gani.

Aliyeweza kuulizwa ni nyanya, mama yake baba, ambaye tulimwita Magokoro kama wote wanavyowaita nyanya zao kule kwetu. Kati ya nyanya na mjukuu hakuna chinsoni, kuna utani. Aliniita mume wangu tangu siku niliyozaliwa. Alihamia jikoni kwa mama kutupikia, akaja na chungu chake, kigoda chake na kikopo chake cha ugoro.

"Magokoro, mama atarudi lini?"

"Kwani mimi mkeo sikutoshi? Nimekupikia, nimekukuna mgongo, bado unatafuta mwanamke mwingine."

"Nauliza mama."

"Na mimi nauliza kuni. Mume gani huyu anayekaa na mkewe kwenye moshi wa majani mabichi?"

Moraa alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka, nikatoka kwenda kuokota kuni, na nilikuwa nimeshafika kwenye miti ndipo nikatambua kwamba sikujibiwa. Mara nyingi ilikuwa hivyo. Ninapokumbuka sasa naona kwamba nyanya alikuwa na upande wake katika jambo lile. Baba alikuwa mwanawe, na mke wa pili ambaye baba alimtaka alitoka katika ukoo alioupenda yeye. Lakini alituosha miguu kila jioni, na sijapata namna ya kuyaweka mambo hayo mawili mahali pamoja.

Mama alipokuwepo, alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyeihesabu kuwa kazi. Kila asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, alipita kwenye matuta ya viazi akiinua marando kwa fimbo na kuokota viwavi. Walikuwa wanono, wengine kijani, wengine rangi ya udongo, na kila mmoja alikuwa na pembe, si kichwani bali mkiani. Moraa aliwaogopa kwa sababu ya pembe hiyo. Mama aliwatupia kuku bila kusema neno. Alipoondoka hakuna aliyewaokota. Majani yalianza kutobolewa, kisha yakaliwa, kisha zikabaki kamba tupu za marando zilizotambaa juu ya udongo. Na siku nyanya alipoanza kuchimba viazi, kila tuta alilolifungua lilikuwa na waonyesha-njia ndani yake.

Sikuwahi kuwaona wengi hivyo. Zamani tulikuwa tukimpata mmoja, tunamgombania, tunapeana zamu. Sasa walitoka kwenye udongo pamoja na viazi, na mimi niliyakusanya yale mambo kichwani kwa namna yangu: mama ameondoka, na wale wanaojua alipo wamejitokeza kwa wingi. Nilidhani wamekuja kwa ajili yetu.

Omwenga, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa mtaalamu wa kuwauliza. Alinizidi umri na alikuwa na sauti ya kuwaita, kama ya mnadi.

"Kwanza tumjaribu kama ni mkweli," alisema. "Mto uko wapi?"

Mkia ulizunguka ukasimama upande wa mto.

"Umeona? Huyu si mwongo. Haya, soko la Keumbu?"

Mkia ulielekea kwenye mlango wa jiko.

"Huyu anataka kula kwanza," Omwenga alisema. "Wewe sasa. Uliza lako."

Nilimshika. Alikuwa baridi, mzito kuliko alivyoonekana, na ndani yake kulikuwa na kitu kilichotikisika kama moyo wa kuku. Nilimwuliza mama yuko wapi. Alizunguka mara kadhaa akasimama, akielekea mlima wa ng'ambo, kabisa, pale ambapo njia ya Keumbu inapotelea kwenye migomba. Nilishikwa na furaha. Nikamwuliza tena nipate hakika, akaonyesha Nyamira. Nikamchukua mwingine, akaonyesha kule kunakotoka mawingu ya mvua, upande wa Kericho.

"Basi mama yako anatembea sana," Omwenga alisema. "Leo Keumbu, kesho Nyamira, keshokutwa anachuma chai. Labda amenunua baiskeli."

Nilimwambia anyamaze. Nikamchukua wa tatu. Huyo alizunguka polepole, akasimama, na mkia wake ukaelekea chini.

"Yuko chini?" Moraa aliuliza.

Omwenga hakufanya mzaha. Alinitazama, akaunyoosha mkono wake akamchukua yule mwonyesha-njia vidoleni mwangu. "Umemshika vibaya," alisema. "Uliinamisha mkono." Akamtupia kuku, na kuku akamdaka kabla hajagusa ardhi.

Usiku huo na siku zilizofuata niliwaza sana. Niliwaza kwamba labda waonyesha-njia huchoka. Mtu aliyeulizwa maswali mengi ya upuuzi na watoto wengi, kwa nini aendelee kusema kweli? Niliwaza kwamba labda anayejibu vizuri ni yule anayemjua anayeulizwa habari zake. Kwa hiyo niliamua kupata wangu mwenyewe, kutoka tuta la katikati ambalo mama alilipenda, nimtunze, nisimwulize lolote, nimfanye anizoee, kisha siku moja nimwulize swali moja tu. Nilipata mkebe uliokwisha matumizi, nikaujaza udongo wa tuta lile, nikamlaza ndani, nikafunika kwa kipande cha jani la mgomba. Mkebe niliuweka juu ya kuta za ndani jikoni, pale zinapokutana na nyasi za paa, mahali penye joto.

Aliharibika. Aligeuka mweusi, akawa mwepesi, hakutikisika tena. Nilimzika bila kumwambia mtu. Lakini nilipourudia mkebe kuumwaga udongo, nilikuta ndani kuna kiwavi mwenye pembe, mnono, anajichimbia. Moraa alikuwa amemtia humo. Alikuwa amemwona kuku akitaka kumdona kiwavi huyo, akamhurumia, pamoja na woga wake wote, akamchukua kwa vijiti viwili.

"Ataharibu udongo wa mwonyesha-njia," nilimwambia.

"Mwonyesha-njia wako amekufa. Niliona."

Nilimwacha kiwavi wake akae.

Siku kadhaa baadaye nilichimbua kwa kidole, nikitaka kujua kama naye amekufa. Kiwavi hakuwepo. Alikuwepo mwonyesha-njia, mlaini bado, rangi yake ya kijani ikianza kuwa kahawia, amelala kwenye kijumba cha udongo kilicholainishwa kama kwa mkono. Na kando yake kulikuwa na ngozi iliyokunjamana kama nguo iliyovuliwa. Niliinyoosha juu ya kiganja. Ilikuwa na pembe.

Nilipomwonyesha Omwenga, alisema mwonyesha-njia amemla kiwavi akabakiza ngozi. Lilikuwa jibu zuri na nililitaka sana. Lakini mle ndani hapakuwa na mwonyesha-njia wa kumla. Nilikuwa nimemzika mwenyewe. Nilikaa nyuma ya jiko na ngozi ile, nikitafuta njia nyingine ya kulieleza jambo lile, na sikuipata. Kama mwonyesha-njia ni kiwavi tu, mdudu yuleyule aliyemaliza majani ya mama kwa sababu mama hayupo kumwokota, basi sisi tulikuwa tukimwuliza nani? Na alikuwa akituonyesha nini?

Ningeweza kumwuliza mtu. Ila kila mtu ambaye ningemwuliza angetaka kujua kwa nini nauliza.

Nilirudisha udongo, nikaufunika mkebe, nikaendelea kuutazama. Nilikuwa nimeacha kutaka kumwuliza swali. Nilitaka tu kuona anakwenda wapi.

Nyuma ya jiko nyanya alikuwa na miche yake ya tumbaku, na mingine aliiacha ichanue ili apate mbegu. Jua likishazama, kabla ya giza kushika, walikuja wadudu wakubwa wa kijivu kwenye maua yale meupe. Hawakutua. Walisimama hewani mbele ya ua kama ndege wadogo, mabawa hayaonekani kwa kasi, wakatoa kitu kirefu chembamba mdomoni na kukiingiza ndani ya ua. Tulikuwa tumewaona maisha yetu yote. Nyanya aliwapungia kitambaa akisema wanaiba utamu wa tumbaku yake. Haikunipitia akilini kwamba wana uhusiano wowote na viazi.

Jioni moja, nyanya akikoroga uji, Moraa aliinua uso akaonyesha ukuta. Juu ya mafiga alikuwepo mmoja wa wadudu wale, ametulia, mkubwa kama kiganja changu. Sikuwa nimewahi kumwona kwa karibu hivyo. Mabawa yake yalikuwa kama gome la mti lililonyeshewa, na alipoyasogeza kidogo nikaona tumbo lake lina mistari ya waridi na nyeusi, imepangwa mmoja baada ya mwingine kama ushanga. Mabawa yalikuwa bado yanatetemeka na yana unyevu. Nilipanda juu ya kinu nikashusha mkebe. Jani lilikuwa limesukumwa. Juu ya udongo kulikuwa na ganda jepesi la kahawia, limepasuka mgongoni, na kile kijimkono cha birika kilikuwa kitupu. Nikamtazama tena mdudu ukutani. Chini ya kichwa chake aliviringisha ulimi mrefu, akaunyoosha, akauviringisha tena. Ulimi ule ndio uliokuwa umelala ndani ya kijimkono.

Kwa hiyo walikuwa mmoja. Wale wa kijani wenye pembe, wale wa kahawia tuliowauliza, na hawa wa kijivu wa kwenye tumbaku. Miaka mingi baadaye, chuoni, nilimkuta amechomwa pini ndani ya sanduku la kioo, na chini yake kibandiko kinachosema ni nondo, jenasi fulani, spishi fulani. Mwenzangu wa maabara aliniuliza kwa nini nimesimama pale muda mrefu. Nilimwambia naangalia mishipa ya mabawa.

Nyanya naye alikuwa amemwona. Aliacha kukoroga.

"Mgeni," alisema. "Nondo mkubwa akiingia nyumbani, mgeni yuko njiani. Na tazama ukubwa wake. Huyo anatoka mbali."

"Magokoro, huyu hakuingia. Ametoka ndani ya mkebe."

"Mkebe gani?"

Nilimwonyesha ganda. Aligeuza kichwa akalitazama kwa jicho lake moja lililokuwa bado linaona, akanusa ugoro, akapiga chafya.

"Mume wangu," alisema, "tangu lini mgeni akaulizwa alikolala? Amekuja, amekuja. Fagieni."

Nililala na jambo hilo kichwani. Nondo aliyezaliwa ndani ya nyumba anaweza kuitwa mgeni? Kama haitwi mgeni, basi hakuna anayekuja. Nililigeuza mpaka nikaona kitu kilichonifanya niketi kitandani. Mama naye hangekuwa mgeni nyumbani kwake. Kwa hiyo nondo ambaye si mgeni hasa alifaa kabisa kumtangaza mtu ambaye si mgeni hasa. Sikuwa na furaha kama ile tangu aondoke. Asubuhi nilifagia ua, na Moraa akasiliba sakafu ya jiko kwa samadi, vibaya, na alama za vidole vyake zilibaki kila mahali.

Siku ile hakuja mtu, wala siku iliyofuata. Baba alitoka alfajiri moja bila kusema anakokwenda, na nyanya hakuuliza. Mimi na Moraa tulikuwa shambani tukitafuta viazi vilivyosazwa. Mchana ulipogeuka nilisikia kengele ya ng'ombe. Nikainua macho nikaona ng'ombe wakishuka mlima wa ng'ambo kwa njia ya Keumbu, mmoja nyuma ya mwingine, na baba akiwa mbele yao.

Sijui kama mtoto wa mahali pengine angefikiri nilivyofikiri. Kwa mtoto wa kwetu ilikuwa wazi. Muda mfupi kabla ya hapo, msichana wa jirani alikuwa ameolewa, na tuliona ng'ombe wa mahari wakiingia kwao, wanawake wakapiga vigelegele, tukala nyama. Ng'ombe wakitembea kwa mstari huku wanaume wakiwaongoza, kuna ndoa. Mwanamke na ng'ombe ni jambo moja lenye miguu mingi. Mama anaolewa tena na sisi, niliwaza, na safari hii ng'ombe wanakuja naye. Hata yale maneno niliyoyasikia, ng'ombe, wazee, mke, yalipata mahali pa kukaa.

"Wanamleta mama," nilimwambia Moraa.

Moraa alisimama juu ya tuta akapiga vigelegele. Alikuwa hajui kupiga vizuri kwa sababu ya meno, sauti ilitoka kama ya kifaranga, lakini hakuacha. Mimi nilikimbia. Nilivuka mto, nikampita baba bila kumsalimu, jambo ambalo halifanywi, nikawapita ng'ombe wote nikitazama nyuma ya kila mmoja, mpaka nikafika mwisho wa mstari. Alikuwepo mjomba, mdogo wake mama, peke yake, na fimbo.

"Mjomba, mama yuko nyuma?"

Aligeuka akatazama nyuma. Aligeuka kweli, akaitazama njia tupu, kana kwamba na yeye alidhani huenda yupo.

"Umekua," aliniambia. Kisha akasikiliza. "Ni nani huyo anayepiga vigelegele?"

"Ni Moraa."

"Nasikia," alisema.

Tulitembea mpaka nyumbani nyuma ya ng'ombe. Alikuwa mtu wa hadithi na vicheko, na kila alipotutembelea zamani alininyanyua mabegani. Nilisubiri aninyanyue. Moraa alikuja mbio kutupokea, bado akipiga vigelegele vyake, akizunguka ng'ombe, na watu wazima wote waliokuwa uani walisimama wakamtazama bila kumzuia. Mwishowe nyanya alimshika bega. "Nyamaza, Moraa," alisema. "Nyamaza, mama." Alimletea mjomba uji. Mjomba alisema ameshiba, yeye ambaye hakuwahi kushiba nyumbani kwetu, akaomba maji, akayanywa akiwa amesimama nje ya ua, akaondoka kwa njia aliyokuja.

Baba aliwatazama ng'ombe wakiingia zizini. Kisha akasema nami, mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida.

"Hawa ni ng'ombe wa nyumba hii. Walikuwa kwa wajomba zako, sasa wamerudi. Wengine wamebaki kule kwa ajili yako wewe na dada yako, kwa kuwa ninyi ni wa hapa. Hawa utawachunga wewe."

Ndilo jambo pekee alilowahi kuniambia kuhusu mama. Sikulielewa, na nilijibu ndiyo. Aliyenieleza ni Omwenga, jioni, tukiegemea ua wa zizi. Alikuwa akichuna gome la kijiti na hakunitazama.

"Ng'ombe wakirudi," alisema, "mtu harudi."

Mke mwingine aliingia kabla ya wimbi kuvunwa, na hakuwa mtu mbaya. Alilima shamba la viazi upya, akapanda marando mapya, na asubuhi aliokota viwavi kama mama alivyofanya.

Ng'ombe hawakupazoea kwetu. Wakubwa walikuwa wameishi Keumbu miaka yote ya ndoa ya mama, na wengine walizaliwa kule. Kutwa walikula majani kwa utulivu, lakini jua lilipoanza kuinama, ng'ombe jike mzee aliinua kichwa, akageuka, akaanza kutembea kuelekea mlima wa ng'ambo. Wenzake walimfuata. Hawakukimbia. Walikwenda kama wanaokwenda nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kukimbia, kuwatangulia, na kuwageuza. Omwenga alinifundisha: usimpige mgongoni, atakwenda mbele zaidi, simama mbele yake, umguse pembeni mwa pua.

Jioni moja niliwaacha waende. Nilitembea nyuma yao na sikuwaita. Kwenye njia panda ya kwanza hawakusita, wala kwenye ya pili. Walifika mtoni wakaingia majini bila kuangalia, pale penye mawe ya kuvukia, na yule jike mzee akatoka upande wa pili akaanza kupanda, masikio mbele, maji yakimtiririka miguuni. Nilisimama kwenye maji. Ningeweza kuwafuata. Walijua njia yote mpaka mlangoni, na mlangoni angekuwepo mama, ameshika kibuyu cha kukamulia. Kisha niliwaza yatakayofuata. Wazee wangesema watu wa Keumbu wameiba ng'ombe. Mama angetajwa tena barazani. Ng'ombe wangekusanywa tena, wangeshuka mlima ule tena, na Moraa angesimama kwenye tuta, na mimi ningewatazama tena wakipita mmoja mmoja bila mtu nyuma yao.

Nilivuka mbio, nikampita jike mzee, nikasimama mbele yake njiani, Keumbu nyuma yangu. Alinitazama, akajaribu kunipita kushoto, kisha kulia. Nikamgusa pembeni mwa pua kwa fimbo, taratibu, na nikawageuza wote.